Hivi na sisi tupige marufuku pitibuli na Rottweiler? Mtwara mambo yameanza kuzidi

#1 Korosho Ghafi
Wakuu habari zenu.

Hapa Mtwara mjini, hasa Shangani, Ligula na kule kwenye nyumba mpya njia ya Naliendele, kila ukuta ukipakwa rangi unafuata na kibao cha "Mbwa Mkali". Zamani kibao kilikuwa geresha, ndani unamkuta koko kalala chini ya mwembe hana habari na wewe. Siku hizi unamkuta kweli, na kichwa chake kama tofali. Juzi mtaani kwetu mtoto wa shule ya msingi kararuliwa mkono na mbwa aliyeruka ukuta. Mwenye mbwa kalipa matibabu, wazee wakakaa, yakaisha. Mbwa yupo vilevile. Mwenyewe anajisifu kwamba ni pitibuli halisi, kamtoa Dar.

Uingereza wamepiga marufuku pitibuli, Rottweiler na XL Bully. Wale ndio wanaolala na mbwa kitandani, na bado wameona haiwezekani. Sisi tunasubiri nini? Halmashauri zitunge sheria ndogo, mbegu hizi zisiingie Mtwara wala Lindi, zilizopo zihasiwe zote.

Karibuni, matusi pembeni.

#2 Kijana wa Kitangari
Naweka kambi. Ngoja wenye mbwa waje.

#3 Baharia Mstaafu
Korosho Ghafi, umechanganya madesa. Rottweiler hayumo kwenye orodha ya Uingereza na hajawahi kuwemo. Sheria yao ya mbwa hatari ni ya 1991, na ilianza na aina nne: pitibuli, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. XL Bully kaingizwa juzi tu. Kuanzia 31 Desemba 2023, England na Wales ikawa marufuku kumuuza, kumzalisha, au kumtoa nje bila kamba na kifunga mdomo. Kuanzia 1 Februari 2024, kuwa naye bila cheti maalumu ni kosa. Waliokuwa nao tayari waliachiwa kwa masharti: ahasiwe, akatiwe bima, awekwe chipu chini ya ngozi.

Halafu wale hawaangalii jina alilopewa mbwa na mwenyewe. Wanampima umbo: kichwa, kifua, urefu wa mabega. Akifanana vya kutosha na pitibuli, basi ni pitibuli, hata wazazi wake wawe aina nyingine kabisa. Sasa hapa kwetu rula atashika nani? Mtendaji wa mtaa?

#4 Korosho Ghafi
Baharia, haya, Rottweiler mtoe Uingereza. Ufaransa je? Kule yumo, sheria ya 1999. Msishike herufi mkaacha hoja.

#5 Baharia Mstaafu
Ufaransa yumo kundi la pili, la mbwa wa ulinzi. Kumfuga ruksa, ila barabarani lazima kamba na kifunga mdomo. Waliobanwa hasa ni kundi la kwanza: hauzwi, haingizwi nchini, na lazima ahasiwe. Kudhibiti na kupiga marufuku ni mambo mawili. Na ukitaja waliopiga marufuku wataje na waliorudi nyuma: Uholanzi walimzuia pitibuli 1993, wakaja kuiondoa 2008 kwa sababu watu waliendelea kung'atwa kama kawaida.

#6 Jemani wa Bima
Nimekuja sasa. Mimi nafuga na kuzalisha Jemani Shepadi hapa Mtwara, na sijawahi kusikia mbwa wangu kamgusa mtu. Hakuna mbwa mbaya, kuna mfugaji mbaya. Mtu ananunua mtoto wa mbwa kwa laki kadhaa, anamfungia kwenye banda la mabati, hamtembezi, hamfundishi hata kukaa. Akifikisha mwaka anakuwa jini, halafu lawama za mbegu. Mnataka kunyima watu ulinzi wakati msimu wa korosho ukiingia wezi hawalali?

#7 Kijana wa Kitangari
Nilijua tu. Mwenye duka la chumvi haisemi chumvi.

#8 Mlinzi wa Ghala
Ngoja niseme nilichokiona kwa macho.

Nimelinda maghala misimu ya korosho nikiwa na mbwa wa kampuni, jina la kampuni naliacha. Mbwa anafungwa mnyororo mfupi tangu alfajiri mpaka magharibi, ndani ya banda la bati. Jua la Mtwara la mwezi wa kumi na moja mnalijua. Chakula ugali wa dona na dagaa, mara moja kwa siku, na wakigombana huko ofisini hata hicho hakiji. Tulikatazwa kumpapasa ili "asizoee watu". Msimamizi akija anamchokoza na gunia kupitia nondo mpaka povu limtoke, ndiyo mafunzo hayo. Usiku anaachiwa.

Mbwa yule alimng'ata kuli mmoja paja, nyama ikatoka. Sasa Korosho Ghafi usikie: hakuwa pitibuli wala Rottweiler. Koko mtupu, mwekundu, mkia umepinda, masikio moja limesimama moja limelala. Mama yake alikuwa akizunguka stendi. Huyo utampiga marufuku kwa jina gani?

#9 Korosho Ghafi
Mlinzi, pole. Lakini huyo koko alitoa nyama ya paja na kuli yupo hai. Angekuwa pitibuli tungekuwa tunaongea mengine. Mimi sibishani nani anang'ata mara nyingi. Nauliza akishang'ata kinabaki nini. Marekani walihesabu vifo vya kung'atwa na mbwa kuanzia 1979 mpaka 1998, wakapata 238 ambavyo mbegu ya mbwa ilijulikana, na zaidi ya nusu ni mbwa wa jamii ya pitibuli na Rottweiler. Na pitibuli akishika taya linajifunga, haliachii mpaka umvunje.

#10 Sindano ya Ng'ombe
Salaam. Nimefanya kazi ya mifugo kusini huku miaka mingi, naomba nirekebishe mawili.

La taya ni hadithi. Taya la pitibuli halina kufuli wala komeo, mifupa ni ileile ya mbwa wengine. Anachozidi ni ung'ang'anizi: alizalishwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kupiganishwa, na aliyeachia mapema hakuzalishwa. Kwa hiyo kuna kitu hapo, ila si taya.

La takwimu, hesabu yako ni sahihi, ila kuna kitu umekiruka. Watafiti walewale walikataa itumike kutungia sheria ya mbegu, kwa sababu hakuna aliyejua kila mbegu ina mbwa wangapi nchini. Wakiwa wengi watang'ata wengi. Na zile 238 zilihusisha mbegu zaidi ya ishirini.

Jemani wa Bima, wewe usicheke. Kuna utafiti wa Denver, Marekani, ulichapishwa 1994. Walilinganisha mbwa waliong'ata na wasiong'ata. Aliyetokea juu kabisa kwa hatari ni Jemani Shepadi. Mbwa dume walikuwa juu, wasiohasiwa walikuwa juu, na waliofungwa mnyororo uani walikuwa juu. Alichoeleza Mlinzi wa Ghala kimo mle ndani.

#11 Jemani wa Bima
Denver ni Denver. Wangu wanakula samaki wa Msangamkuu, roho zao baridi.

#12 Kijana wa Kitangari
Jamaa kaanza kwa "hakuna mbwa mbaya", kapigwa na Denver, kakimbilia baharini.

#13 Mama Zai
Jamani mimi sina elimu ya mbegu, nina watoto wanne na wote wanapita njia ya mbwa kwenda shule na madrasa. Kinachonikera ni kwamba watoto wetu wa Pwani hawajui mbwa. Akimwona anatimua mbio. Mbwa naye akiona kitu kinakimbia anafukuza, ndivyo alivyoumbwa. Asiyekimbia anaokota jiwe. Mbwa wa huku anajua jiwe kuliko anavyojua chakula, inama tu kufunga kandambili uone atakavyoruka pembeni. Wa kwetu mmoja aliumwa kisigino hivyohivyo, na mbwa alikuwa wa jirani, mdogo hata gotini hafiki.

Halafu wanaume mnaofuga, kwa nini geti liko wazi muda wote? Geti la laki nane, komeo hakuna.

#14 Ustadh wa Mtanda
Mama Zai kagusa pazuri. Nipo Lindi. Huku wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, chombo kinaoshwa mara saba na moja kwa udongo. Sasa watu wameligeuza hilo kuwa ruhusa ya kumtesa, na dini haikusema hivyo. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa katika hadithi zinazojulikana. Qur'ani katika Al-Maida aya ya 4 inahalalisha hata alichokikamata mnyama wa kuwinda aliyefunzwa. Watu wa Pangoni, wanaotajwa kwenye Qur'ani hiyohiyo, walikuwa na mbwa wao mlangoni.

Nilichoona mimi, mtu anamfuga kwa kificho maana anaona haya kwa majirani. Hamgusi, hamwogeshi, hampeleki chanjo. Anamtupia chakula juu ya ukuta. Mbwa asiyeguswa na mtu tangu utotoni atamjuaje mtu? Kwa hiyo Korosho Ghafi, kwangu mimi tatizo la kwanza ni aibu, mbegu inakuja baadaye.

#15 Shangani Yetu
Nyote mmesahau historia. Hawa mbwa wakubwa walikuja na mambo ya gesi asilia. Miaka ile ya 2012, 2013, Shangani ilijaa wageni, kodi za nyumba zikapaa, kila kambi na mbwa wake. Boerboel wa Afrika Kusini, Rottweiler, sijui nini. Mambo yalipopoa wageni wakaondoka, mbwa wakabaki na walinzi, walinzi wakawaachia. Wakapanda koko wetu. Hawa machotara wenye vichwa vikubwa mnaowaona Chikongola na Chuno ni wajukuu wa gesi.

#16 Kijana wa Kitangari
Chai. Na sukari umezidisha.

#17 Mlinzi wa Ghala
Si chai yote. Boerboel nilimwona mwenyewe kwenye kambi moja miaka ile. Ila sikuona akiachwa, aliondoka na gari lao. Wengi wa sasa wanaletwa kutoka Dar kwa basi, kwenye boksi, nauli analipwa kondakta.

#18 Sindano ya Ng'ombe
Shangani Yetu, mbwa wetu wa kienyeji wanatofautiana maumbo tangu zamani, kichwa kikubwa si hati ya uzazi. Hapo hata mimi siwezi kukwambia babu yake ni nani kwa kumtazama, na hilo ndilo Baharia aliuliza juu ya rula.

#19 Mzee wa Dungu
Nyie wa mjini mnagombania mbwa wa geti. Mimi niko Nachingwea, ndani ndani. Naomba kabla hamjapiga marufuku mbwa yeyote mje mlale kwangu shambani usiku mmoja mwezi wa tatu.

Huku adui ni nguruwe. Kundi likiingia kwenye mihogo au mahindi asubuhi unakuta pamelimwa upya. Kwa hiyo mtu anajenga dungu, analala juu, chini mbwa watatu wanne. Hawa ni koko, wembamba, mbavu unazihesabu, lakini wanajua kazi. Na nguruwe hawaji peke yao. Anayewala nguruwe anawafuata. Wazungu waliandika hayo kwenye jarida la Nature 2005: simba waliua watu zaidi ya 563 Tanzania nzima kati ya 1990 na 2004, kusini tukiongoza, na palipokuwa na nguruwe wengi mashambani ndipo watu walipoliwa. Lindi imetajwa humo. Sisi hatukuhitaji Nature, tulizika.

Mbwa akiona nguruwe anabweka na kwenda mbele. Akinusa simba habweki hivyo. Analia puani na kurudi kinyumenyume mpaka akukanyage miguu. Ukisikia hivyo hushuki kwenye dungu hata kibofu kipasuke.

Sasa halmashauri ikisema "mbwa hatari", wakija huku watamwona wangu ana makovu usoni, wataandika hatari.

#20 Kijana wa Kitangari
Nnjomba Mzee wa Dungu, heshima yako. Lakini tuseme kweli, hao mbwa si wa nguruwe tu. Ndezi nao wanawajua.

#21 Mzee wa Dungu
Ndezi ni posho ya mbwa na mwenye mbwa. Wewe wa Newala unayekula panya usinichekee.

#22 Kijana wa Kitangari
Panya ni mboga ya heshima. Tuendelee na mbwa.

#23 Baharia Mstaafu
Mzee wa Dungu, kuna mbwa wa kusini mwa Afrika, Rhodesian Ridgeback, ana mstari wa nywele mgongoni umelala kinyume. Alizalishwa kwa kazi hiyohiyo, kumzunguka simba na kumshughulisha mpaka mwindaji afike. Huyo angekufaa.

#24 Mzee wa Dungu
Anakula nini?

#25 Baharia Mstaafu
Nyama.

#26 Mzee wa Dungu
Basi abaki hukohuko.

#27 Mwanasheria Uchwara
Nimesoma uzi wote, niongeze la sheria, si ushauri rasmi.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, Namba 19. Hiyo inamlinda mnyama dhidi ya mateso. Msimamizi anayemchokoza mbwa kwa gunia na kumnyima chakula ndiye ilimlenga. Tuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 pia. Tukienda kwenye madai, misingi tuliyoirithi kwa Mwingereza inasema hivi: mfugaji aliyejua mnyama wake ana tabia ya kudhuru anawajibika akidhuru. Sasa fikirieni kibao cha "Mbwa Mkali". Mwenye nyumba anadhani kinamkinga. Wakili wa mtoto atakisoma upande wa pili: ulijua, ukaandika kwa rangi nyekundu, geti ukaliacha wazi.

Tatizo huku hakuna anayefika mahakamani. Wazee wanakaa, inalipwa hela ya dawa na soda, kesi imekwisha. Kwa hiyo mimi sihitaji orodha ya mbegu. Nataka mwenye mbwa alipe mpaka aumie.

#28 Korosho Ghafi
Mwanasheria, hiyo fidia inakuja baada ya mtoto kupoteza mkono. Ndiyo maana ya marufuku, iwe kabla.

#29 Mwanachuo Kizito
Kwa wanaosema ni damu ya mbegu: 2022 jarida la Science lilitoa utafiti wa mbwa zaidi ya elfu 18, wengine walipimwa hadi vinasaba. Mbegu ilieleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Ukijua mbegu unajua rangi na umbo, tabia unakisia.

#30 Korosho Ghafi
Asilimia 9 ya kilo 50 inanitosha kuogopa.

#31 Mlinzi wa Ghala
Hiyo ya kilo 50 nimeipenda.

#32 Sindano ya Ng'ombe
Nilikuwa nasubiri mtu aseme, hakuna aliyesema, basi naandika kwa kirefu.

Mnaogopa meno. Kusini huku kinachoua ni mate. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna hospitali itakayomrudisha mtu, wa kupona ni nadra kiasi cha kuandikwa vitabuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote kutokana na mbwa, na wengi wa wanaokufa ni Asia na Afrika. Kirusi hakiulizi mbegu. Yule mbwa mdogo aliyemuuma kisigino mtoto wa Mama Zai anaweza kuwa hatari kuliko pitibuli wa Korosho Ghafi aliyechanjwa.

Ukiumwa, kabla ya kutafuta usafiri, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15. Nimeona watu wanapaka majivu, pilipili, mafuta ya taa, unga wa betri. Acheni. Osha, kisha hospitali siku hiyohiyo, na sindano zote za ratiba umalize. Watu wanapata ya kwanza, wanaona kidonda kimekauka, hawarudi. Ugonjwa kwa kawaida hujitokeza baada ya mwezi mpaka miezi mitatu, wakati mwingine hata mwaka umepita, na kidonda wameshakisahau. Mbwa mwenyewe usimuue kama anaweza kufungwa salama. Afungwe siku kumi, atazamwe. Akifika ya kumi mzima, hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyokuuma. Mkishamuua na kumtupa baharini mmetupa na jibu.

Kuhusu kuwatokomeza: kupiga risasi na kutega sumu kumejaribiwa sehemu nyingi na kichaa kikabaki, kwa sababu wanaokufa wanazibwa nafasi na wengine wasiochanjwa. Kinachofanya kazi ni kuchanja mbwa asilimia 70 wa eneo, kila mwaka. Hapa kusini tulikuwa kwenye mradi wa Shirika la Afya Duniani kwa fedha za wakfu wa Gates, kuanzia 2010, wilaya 28 za kusini mashariki, Lindi na Mtwara zikiwemo. Nilishika sindano mwenyewe. Watoto walileta mbwa kwa kamba za katani, kwa kanga, mmoja kwa neti ya mbu. Ilifanya kazi.

#33 Mama Zai
Nimesoma hii mara mbili. Wa kwetu alipoumwa kisigino nilimpeleka hospitali moja hapa mjini, nikaambiwa chanjo imeisha, niende duka la dawa nikanunue nirudi nayo. Kila sindano hela. Jirani mwenye mbwa aligoma kuchangia, akasema mbwa wake "hajawahi kuumwa". Mwenyekiti wa mtaa ndiye alimsimamia akatoa. Kwa hiyo mimi nataka daftari: kila mwenye mbwa aandikwe kwa mwenyekiti na kadi ya chanjo ionekane. Hiyo ya mbegu wataipanga wenye nafasi.

#34 Jemani wa Bima
Daftari naunga mkono. Wangu wote wana kadi. Na kadi yenyewe inauza, mteja akiona muhuri hapunguzi bei.

#35 Ustadh wa Mtanda
Daftari litamleta yule anayefuga kwa kificho hadharani, jambo zuri. Lakini likiambatana na tozo mtaona watu wanawaacha barabarani usiku. Koko hana jina kwenye daftari.

#36 Mzee wa Dungu
Tozo ya mbwa? Mimi nina wanne. Na nguruwe watalipa ya kwao?

#37 Shangani Yetu
Nasisitiza, gesi.

#38 Korosho Ghafi
Tusitoke kwenye mada. Daktari kaongea kichaa, sawa, ni kikubwa. Lakini mtoto wa mtaani kwetu hakuugua kichaa, aliraruliwa. Mbwa alikuwa na kadi ya chanjo safi. Kadi haikumzuia. Na mwenye mbwa si masikini, si mjinga, ana ukuta wa futi saba. Mbwa aliruka. Nipeni jibu la huyo, si la koko wa stendi.

#39 Jemani wa Bima
Jibu ni kwamba alikuwa peke yake uani siku nzima bila mazoezi. Mbwa wa namna ile anahitaji kukimbizwa asubuhi na jioni. Ningekuwa jirani yenu ningemwambia.

#40 Baharia Mstaafu
Jibu langu: Ufaransa, si Uingereza. Mfugaji asajiliwe, barabarani kamba na kifunga mdomo, ukuta upimwe. Akishindwa, anyang'anywe mbwa.

#41 Korosho Ghafi
Na anayenyang'anya ni yuleyule mtendaji ambaye wewe ulimcheka hawezi kushika rula.

#42 Baharia Mstaafu
Kupima ukuta ni futi kamba, fundi yeyote anaweza.

#43 Sindano ya Ng'ombe
Mimi ningeongeza kuhasi. Dume aliyehasiwa harandi, hapigani sana, na hajazi mtaa. Huku watu wanakataa, wanasema mbwa atapoteza ukali. Wanaume ndio wanaokataa zaidi, sijui wanajiwekea picha gani.

#44 Kijana wa Kitangari
Daktari hilo ni pigo la chini kabisa.

#45 Mlinzi wa Ghala
Swali la pembeni kwa daktari. Hawa wenye manyoya mengi wanahema sana na joto la huku, ngozi inawatoka vidonda nyuma ya masikio. Ni joto au kupe?

#46 Sindano ya Ng'ombe
Vyote, ila anza na kupe. Angalia ndani ya sikio na katikati ya vidole. Akipoteza hamu ya kula, fizi zikawa nyeupe au akatoka damu puani, mlete haraka, hiyo ni homa ya kupe na inaua kimyakimya. Kivuli na maji masaa yote. Banda la bati ni tanuri, weka makuti juu. Na usimnyoe kipara, manyoya yanamkinga na jua.

#47 Jemani wa Bima
Wangu nawawekea feni.

#48 Mzee wa Dungu
Mbwa ana feni. Mimi kwenye dungu napepewa na mbu.

#49 Mwanasheria Uchwara
Korosho Ghafi, ukiandaa barua ya wananchi kwenda Manispaa nitakusaidia kuiandika. Weka usajili na uwajibikaji wa mfugaji mbele. Orodha ya mbegu iweke mwisho, ndiyo itakayopingwa.

#50 Korosho Ghafi
Orodha inakaa mwanzo. Wakitaka waifute wao.

#51 Mgeni wa Chuno
Habari wakuu. Nina jike la kienyeji, zuri, lina afya. Natafuta dume la Rottweiler au pitibuli la kupandishia, nipate watoto wakali wa kulinda shamba. Aliye nalo aje kwangu.

#52 Korosho Ghafi
Ndugu, umesoma uzi?

#53 Mgeni wa Chuno
Nimesoma kichwa cha habari, nikaona ndipo walipo wenye mbwa. Bei ya kupandisha ni shilingi ngapi siku hizi, au mnagawana watoto?

#54 Jemani wa Bima
Njoo kwenye ujumbe wa siri, nina Jemani dume. Kadi ya chanjo uje nayo.